Kanga yangu nyekundu na karatasi ya lugha sita

Karatasi ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa chumba cha kufulia, kule chini kabisa ya jengo letu. Iliandikwa kwa lugha sita: Kiingereza, Kitamili, Kitagalogi, Kiurdu, Kidari na Kisomali. Wapangaji wote mnaombwa kukagua mashine kabla ya kuondoka, msiache humo nguo zinazochuja rangi. Kiswahili hakikuwemo, na aliyeacha nguo inayochuja rangi ni mimi.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, nikatupia kwenye mashine kanga mbili alizoniletea mdogo wangu kutoka Kariakoo, moja nyekundu mpya kabisa. Kanga mpya inalowekwa maji ya chumvi kwanza, hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Sikuloweka. Mashine ilipomaliza nikatoa moja, ile nyekundu ikabaki imejibana humo ndani. Aliyenifuata kwenye mashine ni mama wa ghorofa ya 9, Mtamili wa Jaffna, na alichotia ni veshti za mumewe, zile shuka nyeupe wanazojifunga wanaume wa kwao wakienda hekaluni. Tatu. Zikatoka rangi ya ubuyu.

Hakunifuata. Kanga aliikuta, alijua ni yangu (katika jengo zima ni nani mwingine anavaa maandishi?), akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine, kisha akapeleka malalamiko ofisi ya jengo. Ofisi ikatoa karatasi. Basi wiki mbili nzima tukawa tunapanda naye lifti moja, tunatabasamu, tunasema leo baridi kweli, halafu kila mtu anatazama namba za ghorofa zinavyobadilika.

Ingekuwa kwetu Maneromango, Tanzania, huyu mama angesimama uani akanisema mpaka kuku wakimbilie mgombani. Jioni ningempelekea sahani ya kitu, yameisha. Hapa Scarborough, Toronto, hakuna aliyenisema. Wamenitafsiria.

Nimefika Toronto 2011. Niliposomea mtihani wa uraia ndipo nilipoanza kufuatilia habari ya hii sera yao ya tamaduni nyingi, maana ukiishi huku unaisikia kila mahali, shuleni, maktaba, kazini, mpaka inakuwa kama sauti ya friji. Tarehe 8 Oktoba 1971 waziri mkuu Pierre Trudeau alisimama bungeni Ottawa akatangaza kwamba Kanada ina lugha rasmi mbili, lakini haina utamaduni rasmi. Mwaka 1982 ikaingia kwenye Mkataba wa Haki ulio ndani ya katiba yao, kifungu cha 27, na 1988 ikatungiwa sheria yake yenyewe.

Wengi wetu tunadhani ilitungwa kwa ajili yetu sisi weusi, Wahindi na Wachina. Wala. Ilianza na ugomvi wa Waingereza na Wafaransa. Quebec, jimbo la wasema Kifaransa, ilikuwa inachemka, serikali mwaka 1963 ikaunda tume ya kuchunguza lugha mbili na tamaduni mbili, na hapo Waukraine wa Manitoba na Saskatchewan, ambao wazee wao ndio walioilima ile nyika ya baridi, wakataka kujua wao wamewekwa wapi kwenye hesabu ya mbili. Jibu likawa: basi tuseme nyingi. Sisi wengine mlango ulikuwa ndio kwanza unafunguliwa, kwa mfumo wa alama wa 1967, unapimwa kwa elimu na kazi na lugha badala ya rangi. Nchi hiyo hiyo ilikuwa imewahi kumtoza Mchina dola 500 kwa kichwa ili aingie, kisha 1923 ikamfungia kabisa mpaka 1947. Nayasema haya bila kinyongo. Nayasema kwa sababu kijitabu cha uraia kinafurahisha sana, na mimi sipendi kufurahishwa haraka.

Mei 2021 tukapata fomu ndefu ya sensa, ile inayofika kwa nyumba moja katika kila nne. Nikafika kwenye swali la asili: wazee wako walikuwa wa asili gani? Nilikaa na lile swali mpaka chai ikapoa. Mimi nimezaliwa Tanzania, nchi ambayo sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza mtu kabila. Nimesoma, nimeajiriwa, nimeolewa, serikali haijawahi kunitaka niandike Mzaramo popote. Mwalimu Nyerere alitaka tuwe Watanzania, na kwa karatasi tukawa. Leo serikali ya watu wengine, ng'ambo ya bahari, ndiyo ya kwanza kuniuliza, tena kwa heshima, kwamba bibi yangu alikuwa nani.

Nikaandika: Zaramo. Binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa, wakati huo ana miaka minane, akachungulia begani akasema yeye aandikwe Mkanada. Nikamwambia fomu inaruhusu zaidi ya moja. Akasema yeye anataka moja. Tukaishia kumwandikia mbili, akanuna mpaka chakula cha usiku.

Matokeo yalipotoka, zikahesabiwa asili zaidi ya 450 katika nchi hii. Watu milioni 8.3, karibu mmoja katika kila wanne, wamezaliwa nje. Kwa Toronto ni karibu nusu. Mzaramo wangu yumo humo. Nakiri niliona fahari kidogo.

Sasa angalieni. Tanzania ilinyamazia makabila kwenye makaratasi, Kanada inayaandika yote. Lakini hakuna kati ya hizo karatasi mbili iliyomfundisha mtu akae vipi na jirani yake. Kwetu kilichofanya kazi hiyo, naamini mimi, ni utani.

Kwa vijana mliokulia mitandaoni, mnaodhani utani ni kuchekeshana tu: utani ni mkataba. Wazaramo tuna utani na Wanyamwezi na Wasukuma, na wazee husema ulitokana na njia ya misafara, wao wakishuka na mizigo kutoka bara, sisi tukiwa ndio wenyeji wa mwisho kabla ya kuiona bahari. Wengine watani wao ni watu waliopigana nao vita. Mtani anaruhusiwa kukutukana na huruhusiwi kukasirika. Na mtani ana kazi zake msibani.

Baba alifariki 2008. Alikuwa fundi cherehani. Sisi wanawake hatuendi makaburini, tulikuwa tunatazama kutoka uani jeneza likitolewa. Mara mwalimu mstaafu mmoja, Msukuma, mtu mzima na mvi zake, akajilaza chali katikati ya njia mbele ya jeneza. "Hapiti! Huyu Mzaramo kaniharibia suruali mwaka 1989, kashona mguu mmoja mfupi, hapiti mpaka nilipwe!" Wabebaji wakasimama. Jamaa, akasema, aliniomba radhi sana lakini miguu yangu ndiyo hii, tazameni. Akawa anaonyesha. Watu wakaanza kuchanga, mia tano, mia mbili, akakataa, akataka na kuku. Mama yangu, ambaye tangu jana yake alikuwa hajafumbua mdomo, akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, nikajua huyu atapona. Na mwalimu yule yule asubuhi ile ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe.

Hicho ndicho ninachokikosa huku. Huku hakuna anayekutania asili yako, na ninajua sababu: wametaniwa vya kutosha, kwa nia mbaya, na wenye nguvu. Kwa hiyo watu wana adabu. Adabu nyingi. Unaweza kukaa miaka kumi na jirani wa nchi yoyote duniani mkabaki mnasifiana vyakula.

Mwezi ule ule wa kanga, shule ya binti yangu ikafanya siku ya tamaduni. Kila nchi na meza yake. Meza ya Tanzania ilikuwa mimi, bendera ya kuchapisha kwa printa, picha ya Kilimanjaro, na vitumbua mia na ishirini nilivyokesha kuvichoma. Watoto walipita wakala, wakasema asante, wakaenda meza ya Brazil. Mama wa Kisomali na wa Kigujarati walikuwa wanauza sura moja ya sambusa kwenye meza mbili tofauti, hawajatazamana. Nikabaki na vitumbua arobaini na kitu. Nikavitia kwenye bakuli, nikapanda lifti, nikabonyeza 9 kabla sijajirudi.

Alifungua mlango akaniangalia, akaangalia bakuli. Nikamwambia kanga ilikuwa yangu, najua unajua. Akachukua kitumbua, akakigeuza, akakiuma. Akaita ndani kwa Kitamili, mume akaja. "Paniyaram," wakasema wote wawili. Akaingia jikoni akatoka na chuma cheusi chenye mashimo saba. Nyie, kilikuwa kile kile! Kikaango cha vitumbua, sawa na cha mama yangu, labda mashimo yao kina kidogo.

"Mmetuibia," akasema.

Nikasema, "Nyinyi ndio mmetuibia. Mmekuja na jahazi, mmekula kwetu, mmeondoka na sufuria."

Kimya. Sekunde mbili hivi. Halafu akacheka, yule mama wa tabasamu la lifti, akacheka mpaka akashika mlango. Tukaketi. Akaniambia nimwite akka, dada mkubwa, maana ana miaka sitini. Nikamweleza utani ni nini, nikamsimulia na msiba wa baba, mwalimu na suruali yake. Akauliza, "Na yule maiti haikasiriki?" Nikamwambia kuanzia leo wewe ni mtani wangu, veshti nitakulipa siku nikipenda.

Si kwamba ilienda laini. Wiki iliyofuata nikamtania habari ya simba, kwamba kwetu wapo wa kweli, nyinyi mnao wa kuchora kwenye bendera tu. Akanyamaza, na kimya hicho hakikuwa cha kucheza. Simba wa bendera ya Sri Lanka ni wa Wasinhala, ndio wanaojiita watu wa simba. Akka alitoka Colombo baada ya Julai 1983, Watamili walipochomewa maduka na kuuawa barabarani. Mtu niliyedhani namtania nchi yake, nilikuwa namkumbusha waliomfukuza. Niliomba radhi vizuri. Hapo nikaelewa kitu ambacho nyumbani sikuwahi kulazimika kukifikiri: Mngoni anajua pa kumgusa mtani wake kwa sababu waliumizana, wote wawili wanajua kidonda kilipo. Mimi na akka ilibidi kwanza tuonyeshane.

Tena kuna familia ya Kisinhala ghorofa ya 3. Akka hajawahi kuwasalimu. Ile karatasi ya mlangoni ilikuwa na Kitamili, Kisinhala haikuwa nacho, na akka alilitambua hilo siku ile ile, akafurahi kimya kimya. Kwa macho yangu hapo ndipo sera yao inapoishia. Inamkutanisha kila mmoja wetu na serikali: lugha yako hii, siku yako ya sherehe hii, tuandikie asili yako. Wa ghorofa ya 9 na wa ghorofa ya 3 haiwakutanishi, inawapa meza mbili. Labda si kazi yake. Lakini basi ni ya nani?

Msinielewe vibaya nikaonekana nataka Kanada ifute sheria iweke watani. Utani ni wa walio sawa. Mwenye nguvu akikutania, hilo ni tusi, hata akicheka.

Mimi ni mhudumu wa wazee. Nyumbani nilikuwa muuguzi. Karatasi zangu huku hazikutambuliwa, hadithi ndefu, siku nyingine. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mzee mmoja akakataa kuoshwa na mikono myeusi. Akaitamka rangi, si kwamba nilikisia. Msimamizi akanihamisha ghorofa, eti kwa amani. Utani ungenisaidia nini hapo? Kilichonisaidia ni mfanyakazi mwenzangu Mjamaika kunichapishia kurasa za sheria ya haki za binadamu ya Ontario, ipo tangu 1962, nikaandika malalamiko, wakanirudisha zamu yangu. Mzee alipata mhudumu wa kumwosha: mimi. Hatukupendana. Aliogeshwa.

Na rafiki yangu wa Montreal, Mkenya, mwalimu, anavaa hijabu. Quebec hawaipendi hii sera ya Ottawa tangu mwanzo, wana msimamo wao kwamba kuna utamaduni mmoja wa wenyeji, Kifaransa chake, na wageni mkaribie hapo. Juni 2019 wakapitisha sheria inayokataza walimu wa shule za umma, polisi na waendesha mashtaka wa serikali kuvaa alama za dini wakiwa kazini. Waliokwisha kuajiriwa waliruhusiwa kuendelea mradi wabaki kwenye cheo kile kile. Kwa hiyo yeye anafundisha, lakini akitaka kuwa mkuu wa shule sharti avue. Ananiambia wenzake ni watu wazuri sana, wanakula pamoja, wanataniana hata. Kila mwaka anawaona aliowafundisha kazi wakimpita.

Jambo moja bado sijalipatia mahali pa kuliweka. Katika wazee wangu yuko mama wa Kiismailia, wa Kampala. Ni katika wale Wahindi ambao Idi Amin aliwapa siku 90 mwaka 1972, na Kanada ikapokea zaidi ya elfu sita, sera yenyewe ina mwaka mmoja tu. Sasa kumbukumbu zimemtoka. Kiingereza kimeondoka. Alipogundua naelewa Kiswahili uso uliwaka, nikasogea, nikadhani tutapiga soga. Akasema, "Wewe! Lete chai! Upesi!"

Ndicho Kiswahili alichonacho, cha kumwamuru mpishi. Nilienda stoo nikacheka, kisha sikucheka. Nikamletea chai. Yeye alipoteza nyumba, duka na nchi, na aliyekuwa akimletea chai hakuna aliyemwandika popote. Siku hizi akisema lete chai namjibu "lete tafadhali", na siku moja moja anarudia, "tafadhali", kama mtoto.

Novemba iliyopita mama yangu alifariki. Simu iliingia saa nane usiku ya huku, na adhuhuri ya huko ilipopita walikuwa wameshazika, ndivyo dini inavyotaka, hakuna ndege ya kuniwahisha. Watanzania wa Toronto walikuja, Mungu awalipe, wakasoma, wakapika. Kazini wakaleta kadi yenye sahihi za watu kumi na saba. Majirani wakaacha maua mlangoni bila kubisha hodi. Adabu.

Siku ya pili jioni wageni walikuwa wanaaga, nikawafungulia mlango, wakashindwa kutoka. Akka alikuwa amelala chali kwenye zulia la korido, kaziba njia yote, sari na sweta, mikono kifuani.

"Hapiti mtu!" akasema kwa Kiingereza chake. "Binti wa marehemu ananidai. Hapana, mimi ndiye ninayemdai! Veshti tatu!"

Wageni wakanitazama, hawajui wacheke au waite gari la wagonjwa. Ni mimi niliyeanza, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, nikaketi chini pale pale kizingitini. Akataka alipwe. Wakachanga dola, akakataa. Akanyoosha kidole ndani, kwenye kanga nyekundu niliyojifunga kichwani tangu jana yake.

Nikaivua nikampa. Akajaribu kuinuka, goti likagoma. Vijana wawili wa Kisomali wa mlango wa pili ndio waliomnyanyua, mmoja kila upande, akiwagombeza kwamba wanamvuta kama gunia, na kanga ameibana kwapani.